Ziara ya chakula na mvinyo Italia, watu 8 tu kwenye gari: kwa nini bei inazidi basi la watu 50 mara mbili?

#1 Shangazi Mjanja
Wakuu salaam. Mimi na mdogo wangu tumejichanga kwa muda, Septemba ijayo tunataka kwenda Italia kula na kunywa. Kupiga picha tumeshikilia mnara wa Pisa hatutaki. Nimepata kampuni inayochukua watu 8 tu, siku 7: mnaanzia Toscana (Chianti, Montalcino, Pienza), halafu mnapanda kaskazini hadi Modena na Parma. Mnalala kwenye nyumba za wakulima, mnapika na mama mwenye nyumba, mnaonja mvinyo shambani kwenyewe. Euro 3,400 kwa kichwa, bila tiketi ya ndege. Kampuni nyingine ya basi la watu 50, siku 7 zilezile, miji karibu ileile, euro 1,500.

Hoja yangu: hao wa watu wachache wanatulipisha sifa. Zabibu zilezile, jibini lilelile, jua lilelile. Anayebisha anitoe tongotongo. Aliyewahi kwenda aseme alichokiona kwa macho.

#2 Msafiri Haba
Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa asogee.

#3 Fundi Saa
3,400 mtu mmoja? Huku kwetu Chanika hiyo hela unaanza ujenzi na mafundi wanakuita bosi. Haya endeleeni, mimi nasoma tu.

#4 Dereva wa Brescia
Shangazi, nimeendesha magari ya watalii huku, ngoja nikupe ya barabarani. Leseni ya kawaida, daraja B, mwisho wake ni gari la viti 9 pamoja na cha dereva. Toa dereva, wanabaki 8. Hiyo namba haikuchaguliwa kwa mapenzi, ni viti vya gari. Ukiongeza kiti kimoja unahitaji dereva wa daraja lingine, na unaingia kwenye sheria za kurekodi saa za kuendesha na kupumzika. Hata kwa hicho cha watu 8, kubeba abiria kwa malipo kunataka cheti cha ziada na kibali cha halmashauri, na vibali hivyo havimwagwi ovyo.

Sasa chukua dereva, mwongozaji, mafuta, barabara za kulipia, wagawie watu 8 badala ya 50. Hesabu imekwisha.

#5 Shangazi Mjanja
Ahsante Dereva. Mbona wengine wanatangaza "kundi dogo" halafu ni watu 16?

#6 Dereva wa Brescia
Huo nao ni ukomo wa leseni, daraja D1: abiria 16, gari lisizidi mita 8. Kikosta kidogo. Ukiona 8 au 16 kwenye tangazo, ujue sheria ya barabara ndiyo imeandika.

#7 Pwani Moja
Dereva kasema kweli ila hajamaliza. Mimi ni wa Malindi, nimekua nikiwasikia Waitaliano wakigombana dirishani, na niliwahi kukaa kwa jamaa zao upande wa Val d'Orcia, bonde la huko Toscana. Basi kubwa kule halifiki. Barabara za mashambani ni changarawe nyeupe, nyembamba, panda shuka, ukikutana na trekta lazima mmoja arudi kinyumenyume. Basi linaachwa nje ya mji, wageni wanapelekwa kwenye ghala kubwa la mvinyo lenye duka mlangoni.

Sisi tulikaa jikoni. Mama wa nyumba alikuwa anasokota pici, hizo tambi nene zao. Unga, maji, mafuta kidogo. Anakata ukanda wa donge, anauviringisha kwa viganja juu ya ubao huku akiuvuta, unarefuka hadi unaning'inia ukingoni mwa meza. Kisha anakupa wewe. Wangu ulitoka mnene huku, uzi huku. Akautazama, akautia kwenye maji pamoja na mwingine, na mezani ukaletwa kwenye sahani yangu, nao wote wanacheka. Jiko lile mtu wa kumi angesimama uani. Unalipia nafasi, shangazi.

#8 Mzee Kifimbo
Mnazunguka mbuyu. Bei yenyewe ndiyo bidhaa. Mwenye 3,400 hataki kukaa meza moja na mwenye 1,500, basi. Wangeshusha hadi 2,000 wateja wao wangeuliza kuna ubovu gani. Hayo ya viti na leseni ni maelezo ya kumtuliza mnunuzi.

#9 Kijana wa Ilala
Kifimbo kwako kila kitu ni matabaka. Hata kwenye uzi wa bei ya nyanya ulitoa nadharia hiihii.

#10 Mzee Kifimbo
Na nyanya zilishuka?

#11 Nuru wa Leicester
Mimi nilipanda hilo basi la watu wengi na wenzangu wa kazini, hospitali tunakofanya kazi. Sijutii, tulicheka sana. Lakini ile bei ndogo kuna mtu anaijazia, na ni duka. Leo ngozi Firenze, kesho mvinyo, keshokutwa mafuta ya zeituni. Kuonja kunaisha kabla hujakaa sawa kwenye kiti, dukani mnaachwa hadi mchoke. Mwongozaji yuko pembeni na karani wanahesabu risiti. Kwa hiyo Kifimbo ageuze swali: siyo kwa nini ile ya watu 8 ni ghali, ni nani anamlipia yule wa 1,500.

Kizuri nilichokutana nacho ni Montepulciano, zabibu tamu sana ile.

#12 Pwani Moja
Nuru, kwenye duka nakuunga mkono. Kwenye zabibu hapana. Mji wa Montepulciano uko Toscana, na mvinyo wake, Vino Nobile, unatokana zaidi na zabibu ya Sangiovese. Zabibu inayoitwa Montepulciano ni nyingine kabisa, inalimwa sana Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki. Chupa mbili, jina moja, na bei zake haziko jirani.

#13 Nuru wa Leicester
Kumbe. Basi chupa niliyompelekea bosi ilikuwa ya Abruzzo. Hajawahi kulalamika.

#14 Dereva wa Brescia
Tusiwatakase hao wa watu wachache pia. Nao wanauza, ila kwa adabu. Mkishaonja, mwenye shamba analeta karatasi: jaza anwani, tunakutumia makasha hadi nyumbani. Hakuna anayekushika shati. Ila ukishafika glasi ya nne mkono unasaini wenyewe. Shangazi, kabla hujasaini uliza usafirishaji hadi Dar na ushuru analipa nani.

#15 Msafiri Haba
Swali la mtu asiye na hela: kwa nini wasikodi gari wakajiendeshea wenyewe? Wawili, kigari kidogo, ramani kwenye simu.

#16 Dereva wa Brescia
Inawezekana, wengi wanafanya. Lakini unakwenda kunywa. Kiwango cha kilevi huku ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni chini ya miaka 3 ni sifuri. Kwa hiyo mmoja wenu anaendesha na kunusa. Leseni ya Tanzania utahitaji na kile kibali cha kimataifa cha kuendesha, kitafute nyumbani kabla ya safari. Halafu kuna ZTL, maeneo ya katikati ya mji yaliyofungiwa magari ya wageni. Firenze, Siena, kamera tupu. Hupigiwi filimbi. Umesharudi nyumbani umesahau, kadi yako inakatwa na waliokukodishia gari, halafu faini yenyewe inafuata kwa barua.

#17 Fundi Saa
Kumbe faini zinavuka bahari!

#18 Muscat Jioni
Assalaam alaykum jamaa. Mvinyo sinywi, nguruwe sili, ila mume wangu ana wazimu wa jibini na siki. Safari ya namna hii inatufaa ama ni kulipa ili kutazama wenzetu wakila?

#19 Mama Reggio
Wa alaykum salaam dada. Naishi Reggio Emilia, nitakueleza wazi ili usilaumu mtu. Ukanda wa Modena na Parma ni nchi ya kitimoto. Tortellini, tambi za kujazwa, ndani mna nyama ya nguruwe, ragù, mchuzi wao wa nyama, mara nyingi imechanganywa, na ule mkate mwepesi wa kukaanga wanaouita gnocco fritto kwa desturi hukaangwa kwa mafuta yake. Hata piadina, chapati yao, nyingi hukandiwa mafuta hayo. Usiangalie sahani ukadhani, uliza.

Jibini la Parmigiano Reggiano halina nguruwe, lakini maziwa yake yanagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na ndama huyo hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Wanazuoni wana kauli tofauti hapo, kaa na shekhe wako. Siki ya huku iko ya namna mbili. Ile ya bei nafuu ni juisi ya zabibu iliyochanganywa na siki ya mvinyo. Ile iliyoandikwa Tradizionale ni juisi tupu, inachemshwa, inaachwa kwenye mapipa darini miaka 12 kwa uchache, na ile iitwayo extravecchio miaka 25. Wanapanga mapipa makubwa kwa madogo, ya miti tofauti, kila mwaka wanatoa kidogo kwenye dogo kabisa na kulijazia kutoka kwa kaka yake. Chupa ya hiyo Tradizionale ya Modena ni mililita 100 tu, kichupa cha mviringo, na bei yake isikushtue.

Kwa mumeo, asubuhi ya kiwandani pekee inalipa safari. Nenda mapema, maana jibini linatengenezwa mara moja kwa siku. Maziwa ya jana jioni yamelala usiku kucha, yameenguliwa malai, yanamwagwa na ya asubuhi kwenye masufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Likishaganda linakatwakatwa hadi punje ndogo, linapikwa, linatua chini. Halafu mabwana wawili wanainama na mti na kitambaa, wanalinyanyua donge zima kutoka kwenye maji ya moto, wanalikata katikati kwa kisu kirefu. Mapacha hao wawili ndio magurudumu mawili ya jibini. Mvuke umejaa, kila mtu amelowa, wageni mmevaa vikofia vya plastiki. Maji yanayobaki yanapelekwa kwa nguruwe, wale wanaotengenezewa prosciutto, paja la nguruwe la kukausha.

#20 Mzee Kifimbo
Sufuria moja magurudumu mawili tu? Basi lita ngapi kwa gurudumu? Nilisoma mahali lita 100.

#21 Mama Reggio
Mzee wangu, 100 ni ndogo sana. Ni kama 550 kwa gurudumu moja la kilo 40. Na haliuzwi kwa jina hilo kabla ya miezi 12, tena mkaguzi anapita akiligonga kwa kinyundo na kusikiliza. Likitoa mlio wa uwazi ndani, linavuliwa jina.

#22 Muscat Jioni
Allah akubariki dada. Mume kashasoma, anauliza tiketi.

#23 Zabibu Chungu
Mimi nalima zabibu Dodoma, nimesoma yote nikiwa na uchungu kidogo. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja tu, na bado mtu anatoka Dar kwenda kwao na mamilioni. Nani kawafundisha kupokea wageni shambani? Na hiyo Septemba si ndiyo wanavuna? Mimi nikiwa kwenye mavuno, mgeni akija namkabidhi ndoo.

#24 Pwani Moja
Hapo umegusa. Kule wakulima wana sheria yao ya agriturismo, ya kwanza ilitoka 1985, ikabadilishwa 2006. Mkulima anaruhusiwa kulaza na kulisha wageni, lakini kilimo lazima kibaki ndiyo kazi kubwa. Huwezi kununua bonde, ukajenga hoteli, ukapanda mizabibu mitatu mlangoni. Kwa hiyo vyumba vinakuwa vichache, na hilo nalo liongezeni kwenye bei.

Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba ni mavuno kweli. Wengine wanakupa mkasi. Wengine hawana hata muda wa kukusalimia, na kijana anayekuonjesha ni wa kibarua, kaanza juzi.

#25 Zabibu Chungu
Kwa hiyo mgeni analipa, halafu anavuna? Nimepata wazo la Hombolo.

#26 Kijana wa Ilala
Mkuu usije ukatuuzia kibarua kwa jina la utalii.

#27 Mzee Kifimbo
Pwani naye kaja na ya vyumba vichache. Sasa tuna viti, jiko, duka, vyumba. Mimi naongeza msimu: hawa watu biashara yao ni kuanzia kama Aprili hadi Oktoba. Miezi mingine gari limeegeshwa na mwongozaji yupo kwao. Hela ya baridi unailipa wewe wa Septemba. Lakini tabaka bado liko palepale, sijaliondoa.

#28 Nuru wa Leicester
Tuache bei kidogo. Mimi kilichonishinda Toscana ni mkate. Hauna chumvi! Hata chembe. Nilidhani mwokaji kasahau, kesho yake vilevile, mji mwingine vilevile. Nani anajua sababu?

#29 Pwani Moja
Kule kila mtu atakuambia ni Pisa. Zamani Pisa ndiyo ilikuwa na bandari, ikagombana na Firenze, ikazuia chumvi au ikaipandisha kodi. Wa Firenze wakasema poteleeni mbali, tutaoka bila chumvi.

#30 Fundi Saa
Mimi nilisikia ni Papa aliyeweka kodi ya chumvi, watu wakagoma.

#31 Mama Reggio
Hiyo ya Papa ni Perugia, mkoa wa Umbria, siyo Firenze. Papa Paulo wa Tatu, mwaka 1540, wakapigana hadi vita ikaitwa vita ya chumvi. Umbria nao mkate wao hauna chumvi, na nao wanasimulia hivyo. Kila mji una adui wake.

#32 Dereva wa Brescia
Wazee wa huku wananiambia hakuna vita wala nini. Nyama zao za kukausha na jibini la kondoo la Pienza vina chumvi kali, mkate ukiwa nao na chumvi hutamaliza. Ni wa kushikia tu.

#33 Pwani Moja
Lakini Dante, mshairi wa Firenze, alishaandika kwamba aliye uhamishoni ataonja jinsi mkate wa wengine ulivyo na chumvi. Naye alifukuzwa 1302. Kwa hiyo huo mkate usio na chumvi ni wa zamani kuliko Papa wa Fundi Saa.

#34 Mzee Kifimbo
Au alikuwa anasema machozi tu, siyo mkate. Washairi ndivyo walivyo. Mimi nasema ni umaskini: chumvi ilikuwa na kodi kila mahali, maskini akaiacha, tajiri akaja baadaye akaiita mila.

#35 Kijana wa Ilala
Nilijua tu utafika kwenye tabaka.

#36 Wakili wa Kona
Naingia upande ambao hakuna aliyeugusa. Shangazi, kundi la watu 8 lina hatari yake: lisipojaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya vifurushi vya safari inamruhusu mwandaaji kufuta safari kama idadi ya chini iliyoandikwa kwenye mkataba haikufikiwa. Kwa safari inayozidi siku 6 lazima akuarifu si chini ya siku 20 kabla, na akurudishie hela yote uliyomlipa, ila fidia hakupi. Tiketi yako ya ndege uliyonunua pembeni inabaki kuwa mzigo wako. Kwa hiyo uliza: mpaka sasa wako wangapi, na idadi ya chini ni ngapi?

Pia, akipandisha bei zaidi ya asilimia 8 una haki ya kujitoa bila faini. Na mmoja wenu akishindwa kwenda mnaweza kumpa mtu mwingine nafasi, mkitoa taarifa siku 7 kabla, ingawa gharama za kubadilisha mnaweza kudaiwa. Hakikisha aliyekuuzia ni kampuni inayobanwa na sheria hiyo, maana tovuti nyingi ni za madalali.

#37 Shangazi Mjanja
Wakili umenifungua macho. Na viza je? Wanataka amana sasa hivi, na viza sina.

#38 Wakili wa Kona
Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na usiyalete chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Safari yote ni Italia, basi unaomba kwa Italia, usihangaike na ubalozi mwingine. Amana: waandikie wakubali kwa maandishi kurudisha ukinyimwa viza. Wakikataa, umepata jibu la aina ya watu unaoshughulika nao.

#39 Nuru wa Leicester
Na kama mngekuwa kila mtu chumba chake, angalieni nyongeza ya chumba cha mtu mmoja. Mwenzangu ilimla vibaya.

#40 Shangazi Mjanja
Nimewaandikia jana, leo wamejibu. Wako watu 5, idadi ya chini ni 6. Kwa hiyo sisi wawili ndio tunaifanya safari iwepo! Nimeomba punguzo kwa sababu hiyo, wamenijibu kwa upole kwamba haliwezekani ila watatuongezea chakula cha mchana Montalcino. Mvinyo wa chakula cha jioni umo, wa mchana haumo. Na watatuonjesha Brunello, mvinyo wa hapo Montalcino, ya mavuno ya 2021.

#41 Mzee Kifimbo
Wamekunyima punguzo, wamekupa mlo. Unaona sasa?

#42 Pwani Moja
Muacheni. Brunello haiingii sokoni hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, kwa hiyo hiyo 2021 itakuwa bado mbichi kidogo. Waombe na ya zamani, hata tone. Wakulima wanapenda kuombwa.

#43 Fundi Saa
Na wakirudi wabebe jibini la kutugawia uzi mzima. Shangazi, la kwangu kipande.

#44 Mama Reggio
La miezi 24, waambie walifunge bila hewa, vipande vidogovidogo siyo bonge moja. Linavumilia safari hadi Dar bila friji. Tartufo, uyoga wa chini ya ardhi wenye harufu kali, msibebe, hata ikiwa imefungwa vipi. Dada mmoja aliiweka kwenye begi na gauni la harusi ya mdogo wake.